Safari ya Gari la Betri kwenda Kumzika Mama

Gari la mjomba halikuwa na sauti, na hilo ndilo lililompendeza kuliko yote. Aliingia nalo mtaani kwetu New Site polepole, bila kupiga honi, ili watu wainue vichwa wenyewe waone ni nani amefika. Lilikuwa gari la umeme, jeupe, limetumika China miaka kadhaa, likashushwa Mombasa na kupandishwa juu ya lori mpaka Juba. Maandishi ya kwenye kioo kidogo mbele ya dereva yalikuwa ya Kichina. Hakuna mtu kwetu aliyeyajua. Tulielewa namba tu.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu mbele ya nyumba yake. Sola mbili juu ya bati, betri mbili za lori chini ya meza, na nyaya nyingi. Mama alinituma Juba nilipomaliza darasa la saba katika kambi ya wakimbizi kule Adjumani, Uganda, nilikozaliwa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amesema atanipeleka sekondari. Muhula wa kwanza alisema nafasi zimejaa. Wa pili alisema tungoje kidogo. Wa tatu hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Mteja akisimama mbele ya kibanda, niliangalia simu yake, si uso wake.

Kibanda lakini kilinifundisha betri. Simu mpya ikionyesha hamsini, ni hamsini kweli. Simu ya zamani ikionyesha hamsini, inakudanganya. Inashuka taratibu mpaka hapo katikati, kisha inaanguka ghafla, na kabla hujamaliza salamu imezima. Gari la mjomba nalo nilikuwa nimeliona likifanya hivyo mara mbili, tukitoka Jebel, sokoni, ambako ana duka la vipuri vya pikipiki. Mara ya pili tulilisukuma mpaka nyumbani, mimi na watu wa njiani, mjomba akiwa ndani ameshika usukani na kuangalia mbele kama anayeendesha. Majirani aliwaambia ni mtambo tu umekwama.

Mama alikufa Alhamisi alfajiri. Mama mdogo, aliyekuwa akiishi naye kambini, alimpigia mjomba, na mjomba akanipa simu.

"Mwanangu," alisema, "mama yako ametuacha. Hapa hakuna barafu ya kumhifadhi, na joto hili unalijua. Tunamzika kesho saa nane. Tutakungoja mpaka saa nane. Njoo."

"Ndiyo, mama."

"Usichelewe, unasikia? Wewe ndiye wa kwanza."

Nilielewa. Kwetu, kabla sanduku halijafungwa, mtoto wa kwanza anaitwa peke yake. Anafunuliwa uso wa marehemu, anakaa naye kidogo, watu wakiwa nje. Halafu kaburini ndiye anayetupa udongo wa kwanza, kwa mkono, bila koleo. Asipokuwepo, kaka wa marehemu anashika nafasi yake, na jambo hilo halirudiwi. Nilikuwa sijamwona mama miaka mitatu. Nilitaka kuuona uso huo. Sikuwa na jambo jingine nililotaka.

Basi la Nimule linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Lingenifikisha mpakani mapema, na kutoka mpakani mpaka kambini ni mwendo wa boda boda tu. Nauli nilikuwa nayo. Nilimwambia mjomba, kwa sauti ndogo, kwamba naweza kutangulia kwa basi.

"Basi?" alisema. "Dada yangu amekufa, mwanawe aende kwa basi kama muuza nyanya, na mimi nina gari? Watu watanionaje?"

Mjomba naye hakuwa amekwenda kumwona mama kwa miaka mingi kuliko mimi. Nilifikiri hivyo lakini sikusema. Nilikwenda kufunga kibanda.

Ijumaa asubuhi wakaanza kupakia. Kwetu, gari likishasemekana linakwenda msibani, si la mwenyewe tena. Huwezi kumkatalia mtu anayetaka kwenda kulia, na huwezi kukataa mzigo unaopelekwa kwa wafiwa. Ukikataa, habari hiyo itakaa mpaka siku yako, na siku hiyo watakuja wachache. Wengine hupakia kwa kuogopa hilo. Mjomba alipakia kwa furaha. Magunia mawili ya posho, unga wa mahindi. Gunia la makaa, kama kwamba Adjumani hakuna makaa. Katoni za soda. Viti vya plastiki kumi na viwili vilifungwa juu kwa kamba. Beberu mmoja akafungwa miguu na kulazwa nyuma. Kisha wakaja kina mama wawili wa kwaya ya kanisa letu wakiwa na sare zao, mmoja mwembamba asiyesema sana, na mwingine mnene aliyekumbatia ngoma.

"Ngoma pia?" mjomba aliuliza.

"Sasa kwaya bila ngoma si ni watu tu wanapiga kelele?" alisema yule mama. "Wewe endesha. Hii gari iko nguvu. Si ulituambia mwenyewe Jumapili?"

Gari lilikaa chini kwa nyuma mpaka tairi zikafichwa nusu.

Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika kabla betri haijajaa, kwa hiyo tulipita kwanza mtaa wa Hai Jalaba, kwa mfanyabiashara aliyemletea mjomba gari lile. Ni Msomali wa Kenya, anauza sukari na mafuta ya kupikia kwa jumla, na nyuma ya stoo yake kuna jenereta kubwa lisilozimwa. Tulichomeka hapo. Namba ilipanda mpaka asilimia sabini na nane. Yeye alitoka na kikombe cha chai, akatupa pole, akazunguka gari lote mara moja.

"Mzee," akamwambia mjomba, "hii ni gari ama ni lori?"

"Ni msiba, rafiki yangu."

"Msiba najua. Lakini hii gari haijui. Shusha magunia, shusha viti, shusha hata huyo mbuzi. Lori yangu inaenda huko kesho, nitawaletea kila kitu bure. Nyinyi endesheni polepole, AC msiguse, mtafika Nimule. Hivi mlivyo, hamfiki."

Mjomba akacheka. Akagonga kioo kwa kidole. "Hapa inasema kilomita mia mbili thelathini. Nimule haifiki mia mbili."

"Hiyo ni ya mtu mmoja kwa barabara tupu." Msomali akanigeukia mimi. "Kijana, si wewe ndiye wa kuchaji? Mwambie mjomba wako. Hii betri ni mpya ama imezeeka?"

Wote wakaniangalia. Mjomba, kina mama, na wapakiaji wawili waliokaa juu ya magunia ya sukari. Nilijua jibu. Hakuna kitu kingine duniani nilichokijua vizuri kuliko hicho. Niliangalia ndala za Msomali, ambazo kamba ya moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa buluu.

"Sijui," nilisema.

"Umeona?" mjomba akasema. "Hata mtaalamu hajui." Akachomoa waya.

Tukavuka daraja, tukapita Gumbo, lami ikaanza kunyooka. Ilikuwa saa mbili na kidogo. Mjomba alikuwa amevaa suti nyeusi, hakutaka vumbi wala jasho, akafunga madirisha yote na kuweka AC mpaka mwisho. Akakanyaga. Tulipita malori ya Uganda moja baada ya jingine, na kila tulipopita moja alisema, "Hao wanaunguza dizeli. Sisi tunaunguza nini? Hakuna." Kina mama wakaanza kuimba nyimbo za msiba, na ngoma ikawa inagonga mgongo wa kiti changu.

Mimi niliangalia namba. Nilikuwa nikihesabu kilomita kwenye vibao vya kando ya njia. Kabla ya Nesitu nilikuwa nimemaliza hesabu, hatufiki. Kama angezima AC na kupunguza mwendo, labda. Kama tungeshusha mizigo kwenye kanisa lolote la njiani, labda. Nilijipanga maneno kichwani kwa muda mrefu. Halafu nikasema, "Mjomba, leo joto si kali sana."

"Unasikia baridi?" akauliza. "Vaa koti."

Kina mama walicheka sana. Yule mwenye ngoma akanifunika mabega kwa kanga yake. "Mwacheni, ana msiba," alisema. Nikakaa na kanga hiyo, nikitetemeka kweli sasa, na namba ikafika hamsini.

Ilipofika arobaini na nne ikaanguka. Thelathini na saba. Ishirini na tisa. Ishirini. Kwenye kioo ikatokea picha ndogo nyekundu, ambayo haikuhitaji Kichina.

"Huyo ni nini?" mama mwenye ngoma akauliza, ameinama kati ya viti.

"Kobe," nikasema.

"Kobe anafanya nini ndani ya gari?"

Ndiyo alama ya kwamba betri imekwisha na gari linajipunguzia mwendo. Gari lilianza kutembea kama linavutwa na mtu kutoka nyuma, kisha mjomba akalisogeza kando, likasimama. Tulikuwa karibu na Moli. Ilikuwa saa nne asubuhi, na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua.

Tulishuka. Mbuzi alikuwa akilia. Malori tuliyoyapita yakaanza kutupita sisi, moja baada ya jingine, na madereva walitoa vichwa nje. "Mzee, petroli imeisha?" mmoja akauliza. Halafu akasoma neno 'electric' ubavuni mwa gari, akamwambia mwenzake kitu, wakacheka mpaka lori likayumba.

Baada ya nusu saa likaja basi dogo la Nimule. Mjomba akasimama katikati ya lami na mikono juu. Konda akaruka chini, kijana mwembamba mwenye taulo shingoni.

"Nafasi iko moja tu," alisema. "Hapo juu ya injini. Moja. Nani anakwenda?"

Mlango ulikuwa karibu nami kuliko kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Niliona kiti chenyewe, kimefunikwa gunia, na mwanamke mwenye mtoto akisogeza miguu yake ili nipite. Mjomba akaweka mkono wake begani mwangu, taratibu, kama mtu anayeagana, akanishusha.

"Mimi nitangulie," alisema. "Nitawaambia wakungoje. Wewe ndiye unayejua betri. Ukienda, hili gari litabaki na nani?"

"Mwache mtoto aende!" alipiga kelele mama mwenye ngoma. "Aliyekufa ni mama yake!"

"Na kwangu ni dada."

"Dada yako ulimwona lini?"

"Jamani, amueni," konda akasema. "Watu wanaungua humu ndani."

Mjomba akaniangalia. Nadhani alingoja kidogo. Siku hizi nakumbuka kwamba alingoja, na sitaki kulikumbuka hilo. Mimi niliangalia chini. Alipanda, akajikung'uta vumbi kwenye goti, akakaa juu ya injini na suti yake. Basi likaondoka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Vijana wa pale walitusaidia kulisukuma gari mpaka senta, palipo na maduka, kwenye banda la kuonyeshea mpira ambalo lilikuwa na jenereta dogo. Mwenye banda, mzee mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, alilitazama gari, akalitazama jenereta lake.

"Hili litakula umeme wangu wote," alisema. "Na petroli sina. Iliyopo ni ya mechi ya leo."

Mimi sikuweza kubembeleza. Mama mwenye ngoma ndiye aliyezungumza naye, mkono kiunoni, kwa Kiarabu cha Juba, kwa muda mrefu. Mwishowe akaja nyuma ya gari na kufungua mlango.

"Khalas," akaniambia. "Amekubali. Anataka mbuzi."

"Mbuzi wa msiba?"

"Mbuzi wa msiba. Kwani tufanye nini, mwanangu? Tumpe ngoma?"

Tulimtoa mbuzi, mzee akampeleka nyuma ya banda, na kijana akatumwa kwa pikipiki kuleta galoni mbili za petroli. Nikachomeka waya. Jenereta likakohoa na kuzima. Nikatafuta kwenye kioo cha gari, nikibonyeza maandishi nisiyoyajua, mpaka nikapata mahali pa kupunguza umeme unaoingia. Jenereta likawaka tena na kuendelea. Vijana walinipigia makofi. Walisema nina kichwa. Namba ilikuwa moja, halafu ikawa mbili.

Nilishusha kiti kimoja cha plastiki kutoka juu ya gari nikakaa nacho karibu na jenereta. Saa sita namba ilikuwa nane. Saa saba, kumi na tatu. Simu ya mjomba haikupatikana, alikuwa amevuka na laini ya kwetu inakufa pale mpakani. Ya mama mdogo iliita bila kupokelewa. Nilijua ni kwa nini. Siku kama ile hakuna anayekaa na simu.

Saa nane kasoro kidogo kina mama walikuja wakasimama upande wangu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Hawakuniuliza. Mama mwenye ngoma aliiweka chini akaanza kuipiga kwa vidole tu, na wakaimba wimbo ule tunaouimba mtu anapoteremshwa kaburini. Jenereta lilikuwa na kelele kuliko wao. Watu waliokuja mapema kuangalia mpira walivua kofia, ingawa hawakujua ni nani anayezikwa wala wapi. Sikulia. Niliangalia namba. Ilikuwa kumi na tisa.

Saa kumi niliendesha mimi, sina leseni, madirisha wazi, polepole kama mtu anayetembeza ng'ombe. Viti, makaa na posho tuliviacha kwa mwenye banda. Hakuna aliyebishana juu ya hilo. Tulifika Nimule kobe ameshatokea tena, na mpaka wa Uganda ulikuwa umefungwa. Tukalala kwenye uwanja wa kanisa, na asubuhi nikaliacha gari hapohapo chini ya macho ya mlinzi, tukavuka kwa miguu na kukodi boda boda.

Kambini watu wengi walikuwa bado wako chini ya turubai. Mjomba alikaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, suti imefunguliwa vifungo, anakula. Aliponiona aliacha kutafuna.

"Gari liko wapi?"

"Nimule."

"Umeliacha na nani?"

Mama mdogo akatoka jikoni, mikono ina unga. Alikuwa amekonda. Hakunikumbatia. Alisimama mbali kidogo.

"Tulikungoja mpaka saa tisa," alisema. "Mjomba wako ametuambia ulikataa kuliacha gari. Kwamba ulisema yeye atangulie, wewe utabaki nalo. Nikasema mtoto wa dada yangu hawezi kusema hivyo." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Ulisema?"

Chini ya turubai vichwa vyote viligeuka. Sijawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kuja. Nilikuwa na mguu kwenye basi. Alinishusha."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilisikika, kwa sababu mzee mmoja alitema mate chini na kugeuka upande. Mama mwenye ngoma alikuwa nyuma yangu. "Ni hivyo hivyo," alisema. "Mimi nilikuwepo." Mjomba aliweka sahani chini. Hakukasirika. Alinena kwa upole kabisa, kama anayenifundisha kazi.

"Kama ulitaka, ungesema. Si una mdomo? Huu huu unaosema nao sasa."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, nikiwa kwenye kibanda, nikimrudishia mtu simu yake. Nilirudi New Site, ndiyo, kwa sababu sikuwa na pengine pa kurudi. Natafuta jibu la kumpa mjomba. Bado sijalipata, na yeye hangoji tena.

Siku ile mama mdogo alinishika mkono akanipeleka kaburini, nyuma ya mihogo. Udongo ulikuwa umeshapigwa kwa mgongo wa jembe, ukawa laini, na chandarua kilikuwa kimetandazwa juu yake kuzuia kuku. Nilipiga magoti. Hapakuwa na kitu cha kufanya hapo. Baada ya muda nikamwuliza uso wa mama ulikuwaje.

Aliinama kwanza, akavuta pembe ya chandarua ikae sawa.

"Alikuwa amekwisha mno," alisema. "Usingemjua."

Mpaka leo sijui kama alisema vile ili nisiumie, au kama ni kweli kwamba hata ningefika saa nane, nisingemwona mama niliyemjua.